Botini mpya ya jeshi imekufa siku ya 19, ya mtumba iko mwaka wa pili. Nani anieleze?

#1 Mwashi_wa_Majengo
Jambo bandugu. Mimi ni mwashi hapa Goma. Ninajenga misingi na kuta kwa mawe ya volkano, yale makoro meusi yenye vitobo, na toka asubuhi mpaka jioni miguu iko juu yao. Mwezi uliopita nilinunua botini ya kijeshi, nyeusi, shingo ndefu, mpya kabisa, ndani ya boksi na karatasi zake. Dola 45. Siku ya 19 ninapanda ngazi ya mbao, nikasikia kisigino cha kulia kinazama kama nimekanyaga mkate. Nikavua. Soli ya chini bado ina meno yake yote, lakini inaning'inia. Ile ya katikati, ya kijivu, nikiibonyeza kwa kidole inatoka chengachenga.

Mdogo wangu tuko naye shantye moja ya ujenzi. Yake aliichagua kwenye mitumba ya Birere, dola 18, na huu ni mwaka wa pili. Amebadilisha kamba tu, mara mbili. Mawe ni yaleyale, sementi ni ileile, mvua inatunyeshea wote.

Kipya kinakufaje mbele ya kikuukuu? Sitaki kununua tena kwa kubahatisha.

#2 Motari_Himbi
Kipya kinyemi, yaya! Walikupiga. Hiyo ni feki. Ya kweli haifi siku 19. Yangu ninaendesha nayo pikipiki mwaka wa tatu, na kila nikisimama ni mguu unaoshuka kwenye mawe.

#3 Kordonye_wa_Katindo
Mwashi, usiitupe. Angalia pembeni, pale ngozi inapokutana na mpira. Unaona uzi unaozunguka kiatu chote? Ukiuona, bonyeza kwa kucha. Ukizama kati ya mishono, ni uzi kweli. Kama ni mistari migumu iliyochorwa kwenye mpira, ni mapambo tu, kiatu kimegandishwa kwa gundi.

#4 Mwashi_wa_Majengo
Mzee, nimepitisha kucha. Ni mistari ya kuchorwa. Ya mdogo wangu ina uzi wa kweli, mnene, umeshakuwa mweusi.

#5 Kordonye_wa_Katindo
Basi nusu ya jibu unayo. Soli inashikana na kiatu kwa njia tatu. Kuna ya gundi. Kuna ya kumiminiwa, mpira au plastiki ya moto inamwagwa ndani ya kalibu na kuishika ngozi palepale. Na kuna ya kushonwa, yenye ukanda wa ngozi unaozunguka kiatu: soli inashonewa kwenye ukanda, haishonewi kwenye ngozi ya juu. Hiyo wanaiita mshono wa Goodyear. Soli ikiisha nafumua, nashona nyingine, kiatu kinaanza maisha mapya. Ya gundi ikifunguka naweza kuirudisha mara moja, mara mbili. Ya kumiminiwa ikivunjika, mimi nakusindikiza tu kwa pole.

#6 Motari_Himbi
Goodyear si tairi, mzee? Leo munashona viatu kwa tairi?

#7 Kordonye_wa_Katindo
Cheka, lakini ukoo ni mmoja. Mashine ya mshono ule ina jina la Charles Goodyear mdogo. Baba yake ndiye aliyegundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hauyeyuki kwenye joto wala haukakamai kwenye baridi. Kampuni ya tairi ilikuja baadaye, 1898, ikachukua jina kwa heshima yake, naye alikuwa ameshakufa. Salfa hiyo ndiyo ileile inayotunukia kutoka volkano yetu ya Nyiragongo.

#8 Mbebaji_wa_Kibati
Munazungukia mbali. Muuaji ni jiwe. Nimebeba mizigo ya watalii Nyiragongo, kutoka Kibati mpaka juu, mita 3,470. Pale unapopita juu ya lava, ile ya 2002 na ile ya 2020, ukianguka na kushika chini kiganja kinachanika kama umeshika vigae. Soli inapigwa msasa kila hatua. Wakati wa kushuka, kisigino ndicho kinachoisha kwanza. Mpira laini unashika jiwe vizuri lakini unaliwa haraka. Mgumu unadumu, lakini jiwe likilowa unateleza. Lazima uchague unachotaka kupoteza.

Soli tulizoziamini zilikuwa za Vibram, zile za Wamarekani zenye alama ya njano.

#9 Dada_Sake
Sahihisho, Mbebaji. Si 2020. Ililipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni, tarehe hiyo haitanipotea.

#10 Mbebaji_wa_Kibati
Aksanti dada, ni 2021. Pole kwa usiku ule.

#11 Mwanakemia_Bukavu
Na Vibram ni ya Italia. Jina limetoka kwa Vitale Bramani, mpanda milima. Mwaka 1935 wenzake sita walikufa mlimani, na viatu vya wakati ule vilichangia: soli hazikufaa baridi na barafu. Akatengeneza soli ya mpira yenye meno makubwa. Ndiyo mchoro unaouona leo chini ya botini nyingi za jeshi, hata za kuiga.

Sasa nirudi kwa Mwashi, juu ya mimi naona wote mumepita pembeni. Amesema meno ya chini bado yapo. Kama ni jiwe, meno yangekwisha kwanza. Kilichokufa ni katikati, ile ya kijivu inayomenyeka. Hiyo ni poliuretani, ile povu nyepesi inayofanya kiatu kisiumize mguu. Ina adui mmoja, naye ni maji, hata mvuke tu wa hewani. Unyevu unakata minyororo yake polepole, mwaka baada ya mwaka, hata kama kiatu hakijavaliwa. Kwa nje kinang'aa. Ukikivaa wiki mbili tatu, kinabomoka. Botini yako ni mpya kwa macho, lakini pengine imezeeka ndani ya boksi, kwenye depo yenye unyevu.

#12 Motari_Himbi
Professa wa matope! Huko Bukavu kiatu kinavutwa na udongo tu, munajua nini habari ya mawe? Na maji yaliingia namna gani kwenye boksi lililofungwa?

#13 Mwanakemia_Bukavu
Karibu Bukavu mwezi wa 11, ndugu yangu, udongo wa Kadutu ukuvue kiatu, ukirudi Himbi uko peku. Boksi ni karatasi, karatasi inapitisha hewa, na hewa yetu sisi wa kando ya Kivu ina maji. Hata ule mfuko wa plastiki unaweza kuufungia unyevu ndani. Viatu vya namna hii vinaumia zaidi vikikaa bila kuvaliwa. Vikivaliwa, povu linabanwa na kuachiwa, hewa inazunguka. Ndiyo maana mtu anatunza botini nzuri ya sherehe miaka sita, siku anayoivaa inamwachia soli barabarani.

#14 Mama_wa_Virunga
Hiyo ya mwisho nimeiona kwa macho. Shemeji yangu aliachiwa soli zote mbili kwenye harusi, moja kanisani, ya pili ukumbini. Tulisema amelogwa.

Mimi ninauza nyanya soko la Virunga. Nateremsha vikapu alfajiri, natembea kwenye maji na mawe. Nilitaka botini hizi lakini namba yangu ni 38, na kila ninayoiona inaanzia 40. Nikavaa 40 na soksi mbili. Vidole vilikaa vizuri, kisigino kikawa kinapanda na kushuka. Siku ya nne kilitoka malengelenge makubwa kama sarafu. Wanawake munafanyaje?

#15 Dada_Sake
Mama, hata ukipata 38 ya kiume, kisigino chake ni kipana kuliko chetu. Jaribu kufunga kamba hivi: ukifika kwenye vitundu viwili vya mwisho, usivuke upande wa pili. Rudisha kamba kwenye kitundu cha upande huohuo ubaki na kajicho kila upande, kisha pitisha ncha ya kulia ndani ya kajicho ka kushoto, na ya kushoto ndani ya ka kulia. Vuta chini, ndipo ufunge. Kisigino kinatulia. Na kiatu ukakijaribu jioni, baada ya kazi, na soksi zako. Mguu wa asubuhi ni mdogo, unakudanganya.

#16 Mama_wa_Virunga
Aksanti mwanangu. Nitajaribu kesho.

#17 Kijana_wa_Kolwezi
Salamu kutoka Kolwezi. Wakubwa, mimi nashangaa mwashi anabeba makoro na botini ya jeshi. Botini nyingi za jeshi hazina chuma mbele! Zimetengenezwa kwa kutembea. Jiwe la kilo 20 likikuangukia, ngozi peke yake inakusaidia nini?

Huku migodini viatu vinapimwa. Ndani ya ulimi tafuta maandishi EN ISO 20345. Hayo yanamaanisha kofia ya vidole imepigwa kwa nguvu ya jouli 200, karibu sawa na kilo 20 kuanguka kutoka mita moja. Herufi P ni kinga ya kisigino na unyayo dhidi ya msumari, nguvu ya nyutoni 1,100. HRO, soli inagusa joto la nyuzi 300 kwa dakika moja bila kuyeyuka. Alama ya S3 ni kiatu chenye kinga ya msumari, ngozi isiyopitisha maji haraka na soli yenye meno. Soli yenyewe inakunjwa mara 30,000 kwenye mashine, na mpasuko hautakiwi kupita milimita 4.

#18 Mwashi_wa_Majengo
Kijana, umenigusa. Mwaka juzi koro lilimtoka mdogo wangu mikononi, likatua kwenye kidole gumba cha kushoto. Alikuwa na hiyohiyo botini ya mtumba. Ukucha ulikuwa mweusi kwa miezi, ukatoka, ukaota umepinda. Mimi nilimsifia kiatu kwa kudumu na sikukumbuka ule ukucha. Lakini niliwahi kuvaa cha chuma: ukichuchumaa kupanga jiwe la chini, ukingo wa chuma unakata juu ya vidole. Siku nzima nimechuchumaa.

#19 Kijana_wa_Kolwezi
Kikikata, ni kidogo kwako au ni kifupi mbele. Ongeza nusu namba au tafuta chenye kofia ya plastiki ngumu. Inapita kipimo kilekile cha jouli 200, nayo ni nyepesi. Kidole hakina mtumba, mkubwa.

#20 Mlinzi_Usiku
Nimesoma vyote. Hakuna aliyeuliza Mwashi anakausha wapi. Mimi ni mlinzi, saa 12 za usiku kwa miguu, na mvua za Goma munazijua. Nilikuwa na jozi moja nikaifanyia jaribio miezi mitano. Ya kushoto nikilowa naijaza magazeti, nabadilisha mara mbili, naiacha kivulini. Ya kulia naiweka karibu na mbabula, jiko la makaa. Kushoto napaka mafuta, kulia siraji tu, ile rangi ya viatu. Mwezi wa tatu ya kulia ilianza kupasuka pale vidole vinapokunja, mpasuko mwembamba kama unywele, na pua ya soli ikafunguka. Ya kushoto mpaka leo nakunja, haipasuki. Moto ndio ulioua.

#21 Kordonye_wa_Katindo
Hapo umesema. Gundi mimi mwenyewe naipasha moto ndipo ishike. Joto hilohilo linaifungua. Wateja wangu wa msimu wa mvua, wengi ni watoto wa mbabula.

Lakini Mlinzi, jaribio lako lina kasoro. Umebadilisha vitu viwili mara moja, moto na mafuta. Hatujui ni kipi kilichookoa ya kushoto.

#22 Mlinzi_Usiku
Ni kweli. Nikipata jozi nyingine nitatenganisha.

#23 Mwashi_wa_Majengo
Mimi siziweki karibu na moto. Natundika kwenye msumari nje, chini ya bati.

#24 Motari_Himbi
Basi ni mvua yenyewe. Mvua yetu ina moshi wa volkano. Mabati ya huku yanaliwa na kutu upesi, kila mtu anajua. Kama inakula bati, ngozi itaiacha?

#25 Mwanakemia_Bukavu
Leo umeuliza la maana, motari. Gesi ya salfa inapokutana na mvua inakuwa asidi, ni kweli, na bati linaumia. Lakini ngozi ya kiatu yenyewe imetoka kiwandani ikiwa na asidi kidogo, ndivyo inavyotengenezwa kwa dawa ya kromu. Asidi nyepesi ya mvua haiishtui sana. Kinachoitesa ni kinyume chake, na Mwashi anacho mikononi kila siku: sementi mbichi. Sementi ikiwa na maji ni kali kushinda sabuni ya magadi mara nyingi. Inanyonya mafuta ya ngozi, inaikausha, inakula uzi. Hata povu la poliuretani, maji yenye ukali wa namna hiyo yanaharakisha kuvunjika kwake. Ukivua botini jioni, sementi imebaki kwenye mishono na pembeni ya soli inafanya kazi usiku kucha.

#26 Mbebaji_wa_Kibati
Mbona ya mdogo wake haikufa, na wanakanyaga sementi moja?

#27 Mwashi_wa_Majengo
Nimeenda kumuuliza mdogo wangu. Ana desturi ambayo mimi nilikuwa naiona ya kitoto: kila jioni anasugua botini kwa brashi na maji kidogo, kisha anapaka mafuta ya mawese kwa kitambaa. Mimi napiga botini mbili ukutani, pa pa, basi.

#28 Kordonye_wa_Katindo
Mawese yanasaidia ngozi lakini yanavuta vumbi, na yakizidi yanalainisha gundi. Yake imeshonwa, ndiyo maana haikudhurika. Wewe usiige kwenye ya gundi. Brashi ndiyo uige.

#29 Kijana_wa_Ndosho
Naomba kuongeza moja. Mdogo wangu alipata mtumba wa kijani, nusu kitambaa nusu ngozi, ina vitobo viwili vidogo vya chuma upande wa ndani karibu na soli. Akafikiri imetoboka, akaviziba kwa gundi. Tangu hapo maji yakiingia hayatoki, na miguu yake ikivuliwa nyumba nzima tunahamia nje.

#30 Mbebaji_wa_Kibati
Vitobo vile ni vya kutolea maji! Ni mtindo wa botini za msituni, Wamarekani walivaa za hivyo Vietnam. Mguu unaingia mtoni, ukitembea unayasukuma maji nje. Baadhi ya zile za vita zilikuwa na bamba la chuma ndani ya soli kwa ajili ya vijiti vya mianzi vilivyochongwa na kufichwa chini. Mwambie azibue kwa sindano ya moto, taratibu.

#31 Dada_Sake
Na ya kijani, kijana, mwambie asiivae na suruali ya rangi ya jeshi wala koti lake. Raia kuvaa sare ya jeshi ni kosa la sheria, na njiani hakuna anayekusubiri ujieleze. Kaka yangu alipaka zake siraji nyeusi na anavaa na salopeti ya kazi ya bluu. Anaonekana fundi.

#32 Kijana_wa_Ndosho
Ameshaambiwa. Aksanti dada.

#33 Mwashi_wa_Majengo
Leo nimempelekea Kordonye hiyo botini, tumeifungua mezani kwake. Nawaeleza tulichokiona.

Ya kulia alipoikata kwa kisu kuanzia kisigino, povu la katikati halikukatika, lilivunjika. Lilitoka kama ukoko wa ugali uliokauka, na chini yake unga wa kijivu. Akachukua ya kushoto, ile ambayo bado nilikuwa naiona nzima. Kisigino kimeoza hivyohivyo, lakini mbele, chini ya vidole, povu bado linaruka ukilibonyeza. Pembeni ya soli zote mbili kuna mstari mweupe wa sementi umeingia ndani karibu upana wa kidole. Gundi yenyewe ilikuwa imeshika povu vizuri. Povu ndilo lililoachana na lenyewe.

#34 Mwanakemia_Bukavu
Nimesema! Uzee wa bohari.

#35 Kordonye_wa_Katindo
Pole pole. Kama ni uzee peke yake, kwa nini mbele ya kushoto ni nzima? Boksi lilikuwa moja. Mimi naona sementi imeingia kwa nyuma, pale anapochuchumaa kisigino kinafunguka na kufunga.

#36 Mbebaji_wa_Kibati
Au uzito. Kisigino ndicho kinachopokea mtu na jiwe lake. Povu lililochoka linavunjikia pale linapopigwa.

#37 Motari_Himbi
Na mimi bado nasema ni feki. Povu la kweli lisingefika hapo.

#38 Kordonye_wa_Katindo
Motari, hata ya kiwanda kikubwa cha Ulaya nimeishaiona ikimenyeka namna hii. Jina halizuii maji.

Mwashi, ukinunua fanya hivi. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba kwa nguvu, uachie. Ikirudi haraka, sawa. Ikibaki na alama au ikitoa mikunjo myembamba kama ngozi ya mzee, iache. Kunja kiatu mara kumi, usikilize. Nusa ndani. Tafuta tarehe kwenye ulimi, nyingi zina mwezi na mwaka wa kutengenezwa.

#39 Mama_wa_Virunga
Dada Sake, nimefunga kamba ulivyosema, siku ya tatu leo. Kisigino kimetulia, malengelenge yanakauka. Lakini bado natafuta 38.

#40 Kijana_wa_Kolwezi
Mama, huku dada zetu wa mgodini wanavaa 38 na hata 36. Nitauliza bei, nitakuletea jibu hapahapa.

#41 Mwashi_wa_Majengo
Nimenunua jozi mbili za mtumba Birere, zote zimeshonwa, zote nimezibonyeza na kuzinusa mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka kuzila. Moja ina kofia ya plastiki mbele, nitaivaa siku za kubeba. Ya pili siku za kupanga na kupiga lipu.

Nimechukua njiti ya kiberiti, nikaisimamisha kati ya meno ya kisigino, nikaweka alama kwa wembe. Meno ya jozi ya kwanza yana kina zaidi kidogo kuliko ya jozi ya pili. Njiti mbili nimezifunga kwenye uzi, zimetundikwa kwenye ule msumari wangu chini ya bati. Brashi kila jioni kwa zote. Mafuta, kushoto tu. Mlinzi, nimebadilisha kitu kimoja.

#42 Mlinzi_Usiku
Mkubwa, weka tarehe. Tutakuuliza.

#43 Mwashi_wa_Majengo
Nimeanza leo, Jumatatu. Mvua imenyesha toka saa nane, na ya kushoto haikulowa sana kama ya kulia.